Unataka kuzalia nyumbani hapa Tanga? Kaa na mkunga wako mpange haya mapema

Dada yangu, kama moyo wako unataka kuzaa kawaida ukiwa kwako, iwe Makorora, Chumbageni au kule Pongwe, kabla hujanunua kitu chochote tafuta mkunga. Na nasema mkunga aliyesomea, mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwambie akuonyeshe na usione haya. Bibi wa mtaani na somo yako tunawaheshimu sana, wakukande kiuno, wakupikie uji wa pilipili manga, wakushike mkono, ila kumpokea mtoto waachie wenye kazi. Na zile dawa za kienyeji za kuongeza uchungu usinywe kabisa, zinaweza kupasua kizazi.

Niseme wazi, serikali inasisitiza kila mama azalie kituoni na sababu ipo, damu ikianza kumwagika haisubiri bajaji. Kwahiyo kama una kovu la operesheni, mapacha, mtoto katanguliza matako au kalala kiubavu, presha, sukari, kipimo cha wingi wa damu (HB) kiko chini ya 11, au uzazi uliopita ulitoka damu nyingi, nyumbani hapakufai. Mimba ya kwanza pia mimi nashauri nenda kituoni. Lakini hiyo haimaanishi mkunga wako umuache, uchungu wa mwanzo unakaa nae nyumbani, mnatembea uani, unakula tende na kunywa maji, uchungu ukishakuwa unakuja kila dakika 5 na kukaa kama dakika nzima mnaondoka wote.

Kliniki usikatishe, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanataka mahudhurio 8, na mkunga aisome kadi yako yote sio kuiangalia juu juu.

Siku mnayokubaliana, mwambie afungue begi lake muangalie pamoja. Glovu, wembe mpya, vibanio vya kitovu, mashine ya presha, ambu bag ya kumsaidia mtoto asiyepumua, maana ile dakika ya kwanza ndio kila kitu. Halafu muulize oksitosini anaitunzaje. Hii watu hawaulizi kabisa na mimi naona ndio swali kubwa kuliko yote, ile sindano ya uniti 10 inachomwa pajani ndani ya dakika moja mtoto akishatoka ili kizazi kibane na damu isimwagike, na inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Sasa kwa joto letu hili la Tanga, ikiwa inazungushwa kwenye mkoba toka asubuhi haina uhakika tena. Akija nayo kwenye kopo lenye barafu ujue anajua anachofanya, akikwambia hana au haihitajiki basi tafuta mwingine.

Usafiri upangwe kabla. Mwenye gari ajulikane kwa jina, simu yake ijaribiwe usiku, hela itengwe, na namba 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ibandikwe ukutani, kupiga ni bure. Mkubaliane pia nani anatoa kauli ya kwenda hospitali ya Bombo, na mimi nasema awe mkunga, akisema twende hakuna shemeji wala mama mkwe wa kusema tusubiri kidogo.

Uchungu ukikolea usilale chali tu, piga magoti, chuchumaa, egemea ukuta. Mkunga atasikiliza moyo wa mtoto kila dakika 15 mpaka 30, na ukianza kusukuma asikilize kila dakika 5, kawaida ni mapigo 110 mpaka 160 kwa dakika. Ondokeni haraka ukiona damu inatoka kabla mtoto hajazaliwa, chupa imepasuka na maji ni ya kijani, kichwa kinauma sana na macho yanaona giza, degedege au homa.

Mtoto akitoka akaushwe, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kitovu kisikatwe mbio, kisubiri dakika 1 mpaka 3, na anyonye ndani ya saa la kwanza. Kondo la nyuma likipita nusu saa halijatoka, au likitoka vipande, hospitali. Mkunga asiondoke mapema, akae akiminya tumbo kuona kizazi kimekuwa kigumu na akiangalia pedi. Kitovu msipake majivu wala mafuta.

Kabla siku haijaisha akupime tena, arudi siku ya 3 na wiki ya pili, na mtoto apelekwe kliniki mapema apate chanjo ya kifua kikuu (BCG) na matone ya polio.