Vitumbua kwenye baridi ya Mbeya
Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya inafanya rojo ya vitumbua ilale tu. Ukishasaga mchele wako wa Kyela uliolowekwa usiku kucha na kutia hamira, weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa kizito. Hamira ina uhai, inachangamka kwenye nyuzi 30 hadi 35 hivi. Kwenye baridi inazubaa. Vipovu vikijaa juu, kaanga bila kukoroga tena, maana ndivyo vinavyoleta yale matundu laini ndani. Maji yakiunguza kidole yataua hamira, na hamira iliyokwisha nguvu haifufuki kwa joto lolote. Bagia za kunde ni habari nyingine: hazina hamira, zipige sana kwa mwiko ziingie hewa.