Jinsi ya kufungua deki ya DVD bila kuhatarisha macho

Huku kwetu deki bado zina kazi. Ukitoka Mtwara mjini mpaka Newala utazikuta kwenye vibanda umiza, kwenye mabasi na sebuleni kwa watu ambao bando si la kuchezea. Ugonjwa wake mkubwa ni uleule: diski imo ndani, deki inaandika kwamba haina diski. Kijana anayejifunza ufundi akishatoa mfuniko, anachomeka umeme na kuinamisha uso juu ya lensi aone kama inawaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tabia hiyo.

Hatua ya 1: Jua kilichomo

Nyuma au chini ya deki kuna kibandiko kilichoandikwa CLASS 1 LASER PRODUCT. Daraja la 1 linahusu mashine iliyofungwa: mwale haupati njia ya kutoka ukadhuru mtu. Ukiondoa mfuniko na kile kidaraja chenye sumaku kinachobana diski, umeondoa kinga hiyo kwa mkono wako mwenyewe.

Leza ya DVD ni nyekundu, urefu wa wimbi lake ni nanomita 650. Ya Blu-ray ni ya zambarau, nanomita 405. Ya CD, ambayo deki ya DVD huwa nayo pia, ni nanomita 780, ukingoni kabisa mwa mwanga ambao jicho linaweza kuuona, na hapo ndipo mafundi wanapodanganyika. Kwa macho unaona kidoa chekundu kilichofifia, unadhani lensi imechoka, unasogea karibu zaidi. Kufifia huko ni kwa sababu jicho halioni vizuri mwanga wa aina hiyo. Nguvu ya mwale iko palepale. Mwanga mkali unaoonekana hutufanya tupepese ndani ya robo sekunde hivi, lakini kwa mwanga usioonekana jicho halipepesi. Nao unapita mpaka nyuma ya jicho, ambako lensi ya jicho inaukusanya kwenye nukta moja kama mtoto anavyochoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina maumivu, kwa hiyo usisubiri kusikia jicho linauma ndipo ujue umeumia.

Nisiwatishe kupita kiasi. Deki ya kusoma tu inatoa nguvu ndogo kwenye lensi, mara nyingi chini ya miliwati moja, na mwale wake ukishapita umbali wa milimita chache unatawanyika kwa pembe pana. Mtu aliyekaa hatua moja pembeni hana la kuogopa. Hatari ni kuweka jicho karibu, juu ya lensi, au kutumia kioo cha kukuzia huku umeme umewaka.

Raita, ile ya kompyuta inayochoma CD na DVD za harusi kwenye maduka ya steshenari, msiichanganye na deki. Diodi yake, kile kipande kinachotoa leza, inaweza kufika miliwati 100 na zaidi, daraja la 3B, na hiyo inaharibu jicho kabla hujapepesa. Raita naipima ikiwa imefungwa. Ikibidi kuifungua, inafunguliwa bila umeme.

Hatua ya 2: Chomoa waya, kisha shughulika na kapasita

Hapa niseme wazi: kwenye deki, umeme unaua na leza haiui. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, chomoa waya ukutani. Kwenye bodi ya pawa saplai kuna kapasita moja kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, ambayo inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Usiishoti kwa bisibisi. Cheche yake inaweza kuharibu bodi na kukurukia. Tumia rezista ya kilo-omu 2 hivi, ya wati 5, yenye waya uliofunikwa vizuri, ishikilie sekunde kadhaa, kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri.

Hatua ya 3: Safisha kwanza

Deki nyingi hazihitaji uangalie leza hata kidogo. Za Shangani na Mikindani zinakuja na ukungu wa chumvi ya bahari kwenye lensi na kutu kwenye reli. Za bara, Masasi na Newala, zinakuja na vumbi. Chukua pamba ya masikio, iguse kidogo kwenye isopropili alkoholi, pitisha juu ya lensi polepole bila kukandamiza, kwa sababu lensi imening'inizwa kwa nyaya nyembamba sana. Petroli na thina ni marufuku: lensi nyingi ni za plastiki na zitapata ukungu usiotoka. Futa reli, weka grisi kidogo, jaribu.

Hatua ya 4: Kama ni lazima uone leza

Kwanza ondoa watu. Watoto wanapenda kujazana kibarazani kwa fundi, na kimo chao kinaweka macho usawa wa meza. Ondoa pia pinseti na diski zinazong'aa, zinaweza kurudisha mwale.

Chukua simu. Ijaribu kwanza na rimoti ya TV: bonyeza kitufe huku ukiangalia kioo cha simu, ukiona taa ya rimoti inawaka, kamera hiyo inaona mwanga usioonekana. Kamera ya nyuma ikishindwa, jaribu ya mbele. Simamisha simu juu ya lensi, wewe kaa ubavuni, uso mbali zaidi ya sentimita 30, ndipo uwashe deki bila diski. Kwenye kioo utaona lensi ikipanda na kushuka mara mbili tatu ikitafuta diski, na nukta nyekundu, nyeupe au ya zambarau ikiwaka kisha ikizima. Umeshapata jibu: leza inawaka. Zima.

Miwani ya jua haisaidii, wala ya kuchomelea mageti. Miwani ya leza huandikwa nanomita inazozuia. Isiyoandikwa, iache dukani.

Halafu kile kiskrubu kidogo pembeni mwa lensi, msikizungushe kuiongezea nguvu. Deki itasoma wiki moja, diodi ife, na muda wote huo mwale ni mkali kuliko kiwanda kilivyokusudia.

Hatua ya 5: Kubadilisha lensi

Umeme ukiwa umechomolewa, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika lensi mpya (yaani kifaa kizima, lensi pamoja na diodi yake), umeme tuli unaiua. Nyingi zinakuja na tone la solda linaloshoti diodi. Funga kila kitu, chomeka waya wa utepe, ndipo utoe tone hilo. Rudisha kidaraja cha sumaku kabla ya kujaribu diski.

Mtu akipigwa na mwale na akaona doa lisiloondoka katikati ya anachokitazama, matone ya dukani hayafiki kwenye retina. Aende hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, aombe kuonana na daktari wa macho na aeleze ilikuwa mashine gani.

Lensi mbovu, hasa za raita, vunja diodi kwa koleo kabla ya kutupa. Kuna vijana wanazikusanya kutengeneza tochi za kuchoma baluni walizoziona mtandaoni, na diodi ikifungwa kwenye tochi yenye lensi yake, mwale hautawanyiki tena, unafika ng'ambo ya barabara.