Alstromeria: Shina Linachomolewa, Halikatwi

Malalamiko ni yale yale. Alstromeria, ambayo wengine huiita yungiyungi ya Peru, ilijaa maua mwanzoni, kisha ikapungua, na sasa imebaki majani matupu. Mwenye bustani anaongeza mbolea, anaongeza maji, anabadilisha dawa. Ukiinama ukafunua majani, unakuta msitu wa visiki vya sentimita 10, vyote vimekatwa kwa mkasi. Kupanda na kupalilia mnajua, sirudii. Leo ni habari ya mkasi.

Tabia hii wengi wameitoa kwenye waridi. Waridi ukilikata juu ya jicho, yaani kichipukizi kilicholala kwenye tawi, linatoa tawi jipya hapo. Alstromeria haina tabia hiyo. Kila shina huchipuka lenyewe kutoka kwenye rizomu, yaani shina nene linalotambaa chini ya udongo, na likishachanua limemaliza kazi yake. Ulikate juu, ulikate katikati, halitoi tawi la ua. Kisiki kinabaki kuoza na kuziba nafasi. Ukilichomoa mpaka chini kwenye rizomu, pale lilipoachia ndipo macho ya rizomu yaliyo jirani yanapoamka.

Kuchomoa kwenyewe kuna namna yake. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope: kama jua ni kali, mwagilia jana yake. Shika shina karibu na ardhi, sentimita 10 hivi kutoka kwenye udongo, huku mkono mwingine umekandamiza udongo kando yake. Kisha vuta mara moja, kwa nguvu, kwenda juu na kuinamia upande kidogo. Usivute polepole, wala usizungushe kama unayefungua mfuniko. Shina lililotoka sawasawa lina ncha nyeupe ya chini. Likikatika juu ya udongo, fukua kwa kidole ukatoe kilichobaki. Likija na kipande cha rizomu chenye machipukizi, acha mara moja, kirudishe ardhini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hata waliokwisha kuambiwa wanapoharibu: mmea ambao haujamaliza mwaka mmoja ardhini HAUCHOMOLEWI. Rizomu bado haijashika, utaing'oa nzima pamoja na ua. Mwaka huo wa kwanza, na huo peke yake, tumia mkasi, ukate usawa wa udongo bila kuacha kisiki.

Kwa maua ya chombo, chomoa shina pale vitumba vyake vya kwanza, yaani maua ambayo hayajafunguka, vinapokuwa na rangi kamili na karibu kufunguka. Kata ncha ya chini ukiwa ndani ya nyumba, na yatakaa hadi wiki mbili. Vaa glavu. Utomvu wake una tulipalini, kemikali inayodhuru ngozi, na wanaoshika maua haya kila siku hupasuka ngozi za vidole.

Mashina yasiyo na ua nayo yachomolewe, yaani yale membamba na yaliyoanza kugeuka njano, ili mwanga ufike chini. Lakini si yote! Usizidishe robo ya mashina kwa mara moja, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayojaza akiba kwenye mizizi minene. Nimeona tuta lililonyolewa kipara kwa jina la usafi.

Kabla ya kulaumu mkono wako, pima joto la udongo. Likipita nyuzi 21 au 22 za Selsiasi na kukaa hapo, mmea unaacha kutengeneza maua, unatoa majani na kunenepesha mizizi, na hakuna kuchomoa kutakakosaidia. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, yasigusane na mashina, na kivuli cha mchana.

Kazi ikiwa sawa, machipukizi manene yataanza kutokeza.

Kila baada ya miaka mitatu au minne kichaka chake hubanana, kikahitaji kugawanywa. Chimba kina cha sentimita 30 au zaidi, taratibu, maana mizizi yake huvunjika kirahisi. Kila kipande kiwe na ncha hai ya rizomu na mizizi yake ya akiba, kisha panda kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60. Kipande hicho sasa ni mche mpya: mwaka mzima, mkasi usawa wa udongo, mikono mbali.