Namna ya kuliweza neno "get", kwa sisi tunaobeba wageni Lamu

Vijana wenzangu wa jeti, makapteni, na nyinyi mnaopokea wageni kule Manda ndege ikitua, leo nataka tuangalie neno moja tu la Kizungu, "get", manake mgeni halimtoki mdomoni na wengi wetu skuli tulifunzwa "get" ni kupata basi yakaishia hapo. Sa akisema "get in the boat" apate nini ndani ya boti?

Kupata ni maana moja kati ya nyingi. Na msianze kuzikariri zote, hamtamaliza. Fanyeni hivi, msiliangalie "get" lenyewe, angalieni kinachokuja baada yake. Ni kama "piga" yetu, mtu apiga simu, apiga pasi, apiga picha, apiga mbizi, hapo hakuna aliyechapwa, neno linalofuata ndo linakwambia kazi gani inafanyika.

Kikifuata kitu, hapo kweli ni kupata, au kununua. "Where can I get water?" yuwauliza maji yanauzwa wapi. Lakini akitia mtu katikati, "get me some water", sasa yuwakutuma, mletee.

Ikifuata hali, ni kuingia kwenye ile hali, na hapa Kiswahili kina raha yake sababu mara nyingi tunalo neno kamili: "get wet" kulowa, "get lost" kupotea, "get tired" kuchoka, "it's getting dark" giza laingia. Sikilizeni sana hiyo "getting", yamaanisha jambo ndo laanza. Mgeni akikwambia "I'm getting sick" katikati ya mkondo bado hajatapika, una nafasi ya kupunguza mwendo na kumgeuza aangalie mbali, akisema "I got sick" yashapita hayo.

Ikifuata pahali ni kufika. Hii mtaitumia kila siku, mfano Takwa, kule kwenye magofu ya Manda, ile njia ya kwenye mikoko yataka maji yajae, kwa hivo yakiwa yamekupwa mwambie "we can't get to Takwa now, the tide is low" ataelewa na hatadhani wamzungusha.

Halafu kuna vile vineno vidogo, in, out, on, off, up. Mashua ndogo na gari ni "get in" kuingia na "get out" kutoka. Basi la kuja Mokowe, meli kubwa, hata punda, ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. "Get up" ni kuinuka au kuamka. Ila tafadhalini sana, msimwambie mtu "get out!" au "get off!" kavu kavu mkifika Shela, kwake ni kama umemwambia toka hapa au niachilie, na wewe hukukusudia ubaya wowote, ulitaka ashuke tu. Sema "you can get out here, watch your step", sentensi ndefu kidogo lakini ina adabu, na sisi watu wa Lamu twajulikana kwa adabu.

Nyengine ni ya kufanyiwa. "I want to get my hands painted with henna", huyu ataka kupakwa hina, kuna mtu wa kumpaka, mpeleke kwa mama apakaye. Akisema "I want to get henna" peke yake huenda ataka kununua paketi akapake kwao, hapo muulize. "Get my hair cut" ni kunyolewa. Sisi kazi yote hii twaifanya kwa ile -wa ya mwisho.

Sa hii ndo inachanganya watu zaidi: "we got to see dolphins" ni tumejaaliwa kuona pomboo, amefurahi. "We've got to see dolphins" ni lazima tuone pomboo, yaani hajaona bado na awataka! Tofauti ni kale kasauti ka "v" tu, tegeni sikio. "I've got" peke yake ni nina, "I've got two bags" ana mabegi mawili. Wamarekani nao wana "gotten", msishtuke, ni "got" hiyo hiyo kwenye sentensi kama "it's gotten cold".

Na mgeni akikunja uso akasema "sorry, I didn't get that", usimletee kitu, hajakuelewa au hajakusikia, rudia polepole.

Kujizoesha, mkisikia "get" andikeni sentensi nzima kwenye simu, sio neno peke yake, halafu jioni mkikaa uwanjani Mkunguni ulizaneni hii ilikuwa kufika, kuleta au kufanyiwa. Na ukikwama mbele ya mgeni muulize tu, "you want to buy it, or I bring it?"