Jinsi ya Kumwomba Mwendeshaji wa Mdahalo Awaulize Wagombea kuhusu Maadili ya Jamii

Midahalo ya wagombea huelemea kodi, ajira na usalama, huku masuala yanayogusa dhamiri ya mpiga kura, kama vile ndoa, utoaji mimba, adhabu ya kifo, uhuru wa dini na malezi ya watoto, yakipewa dakika chache za mwishoni au yakiachwa kabisa. Naiona hiyo kuwa kasoro kubwa, kwa sababu anayeomba kura leo ndiye atakayetia saini sheria kesho, na mara nyingi ndiye atakayeteua majaji wa kuzifasiri.

Kwanza, fahamu ni nani anayechagua maswali. Kwa kawaida waandaaji hupanga tarehe, ukumbi na kanuni, lakini maswali yenyewe huwa mikononi mwa mwendeshaji na wahariri wanaomsaidia. Kwa hiyo barua yako imfikie mwendeshaji kupitia chombo chake cha habari, na nakala iende kwa waandaaji. Itume mara tu jina lake linapotangazwa. Nchini Marekani, katika midahalo ya urais ya mwaka 2016 na 2020, mwendeshaji Chris Wallace alitangaza mada zake takribani wiki moja kabla ya siku yenyewe. Anayeandika baada ya hapo huwa amechelewa.

Pili, na hapa ndipo penye kazi kubwa, usiombe tu kwamba “maadili yajadiliwe”. Mpelekee swali lililokamilika, ambalo anaweza kulisoma kama lilivyo. Mfano mzuri ni mdahalo wa wagombea umakamu wa rais wa Marekani wa tarehe 11 Oktoba 2012, ambapo mwendeshaji Martha Raddatz aliwakumbusha Joe Biden na Paul Ryan kwamba wote wawili ni Wakatoliki, kisha akawauliza dini yao imechangia nini katika misimamo yao kuhusu utoaji mimba. Swali lilikuwa moja kwa wote, halikuegemea upande wowote, na majibu yalionyesha wazi jinsi watu wa imani moja wanavyoweza kutofautiana juu ya sheria. Lilinganishe na lile la mdahalo wa urais wa Marekani wa tarehe 13 Oktoba 1988, mwendeshaji Bernard Shaw alipomuuliza mgombea Michael Dukakis kama angeunga mkono adhabu ya kifo iwapo mke wake angebakwa na kuuawa. Kilichokumbukwa ni ubaridi wa jibu la mgombea, wala si hoja kuhusu adhabu yenyewe.

Swali lako basi lifungamane na mamlaka ya cheo kinachogombewa: atatia saini muswada gani, ataupinga upi, na atatumia kigezo gani kuteua majaji. Liandike kwa sentensi moja au mbili, kwa maneno ambayo hata mpinzani wako atayakubali kuwa ya haki. Ongeza swali la nyongeza, kwa kuwa mgombea mzoefu hujibu la kwanza kwa kusifu familia na kuishia hapo.

Barua isizidi nusu ukurasa. Jitambulishe kuwa mpiga kura, eleza kwa ufupi kwa nini jambo hilo litaamua kura yako, kisha weka swali. Usitishe wala usimshutumu mwendeshaji kwa upendeleo kabla hajafanya kosa lolote. Ukiwashirikisha wenzako, jambo ninalolihimiza sana, kila mmoja aandike kwa maneno yake mwenyewe, maana barua mia zenye maandishi yaleyale huhesabiwa kuwa barua moja.

Pale ambapo wananchi wanaruhusiwa kuuliza ukumbini, jiandikishe mapema na ulifanyie mazoezi swali lako kwa sauti hadi liishe ndani ya sekunde 20. Mdahalo ukipita bila suala hilo kuguswa, litume swali lilelile kwa kila mgombea kwa maandishi siku inayofuata, ukimwomba ajibu kabla ya siku ya kupiga kura.