Jinsi ya kuomba taarifa za serikali kuhusu shirika linalochangisha kwa jina la wanajeshi wastaafu

Nakuru ni mji wa wanajeshi. Kambi ya Lanet iko mlangoni, Gilgil haiko mbali, na Free Area au Pipeline hutakosa jirani aliyewahi kuvaa kombati. Ukipanda hadi Eldoret, Moi Barracks ndiko ilikofanyika ibada ya kuwakumbuka vijana wetu waliouawa kambini El Adde, Somalia, Januari 2016. Mtu akipita kanisani au kwenye matatu na kadi ya mchango yenye picha ya askari na mjane, kumkatalia ni vigumu, na wajanja wanalijua hilo. Uchaguzi ukikaribia, kadi hiyo hubadilika kidogo: kando ya askari hutokea uso wa mheshimiwa, au wa anayetaka kuwa mheshimiwa.

Sikuambii utoe au usitoe. Nataka tu ujue namna ya kuiomba serikali ikuonyeshe hati za shirika hilo kabla ya kutoa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba, inakupa haki hiyo ukiwa raia. Ombi unaweza kuliandika kwa Kiswahili, maana sheria yenyewe inasema Kiingereza au Kiswahili, na kuliwasilisha hakulipishwi. Unaweza tu kutozwa gharama ya kutoa nakala.

Kisa cha Florida

Marekani walikuwa na shirika lililojiita U.S. Navy Veterans Association, makao yake Tampa, jimbo la Florida. Lilijidai lina wanachama zaidi ya elfu 60 na viongozi kila jimbo. Lilikusanya karibu dola milioni 100 kwa kupigia watu simu majumbani. Kiongozi wake, aliyejiita Bobby Thompson, aliwachangia wanasiasa kwa ukarimu na kupiga nao picha, hata na Rais George W. Bush. Huko Virginia, mwanasheria mkuu wa jimbo, Ken Cuccinelli, alipokea dola 55,000 za kampeni kutoka kwake, na baadaye, mambo yalipoharibika, akazitoa kwa mashirika mengine ya wanajeshi.

Aliyeng'amua hakuwa polisi. Mwandishi wa gazeti la St. Petersburg Times alikuwa akipitia orodha ya waliomchangia mwanasiasa mmoja wa kaunti, akakutana na dola 500 za Thompson. Akamtafuta ili amuulize. Kisha akawatafuta viongozi wengine wa shirika, jimbo baada ya jimbo, na hakumpata yeyote isipokuwa Thompson mwenyewe. Habari ilitoka mwaka wa 2010, Thompson akatoroka, akakamatwa Portland mwaka wa 2012. Jina lake halisi lilikuwa John Donald Cody, wakili aliyesomea Harvard. Wapelelezi walikuta karibu dola milioni moja taslimu ndani ya sanduku la safari. Desemba 2013 mahakama ya Ohio ilimfunga miaka 28.

Kumbuka mlango alioingilia mwandishi yule: orodha ya waliomchangia mgombea, iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Sisi mlango huo hatuna. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tunayo tangu 2013, lakini kanuni zake zilikwama Bungeni mwaka wa 2021, na uchaguzi wa 2022 ukapita hivyo hivyo. Vyama vyenyewe vinatakiwa na Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 kuchapisha vyanzo vya fedha zao, ila mgombea binafsi anayezunguka Bahati au Kondele na mahema ya kukodi hamwonyeshi mtu daftari lake. Kwa hiyo tunaingilia upande wa pili, upande wa shirika.

Kuna kisa kingine cha huko kinachofaa kukumbukwa kwa sababu hakuna sanduku la pesa ndani yake. Tarehe 28 Januari 2016, siku chache kabla ya jimbo la Iowa kupiga kura ya mchujo wa urais, Donald Trump alisusia mdahalo wa chama chake, akafanya harambee ya wanajeshi wastaafu mjini Des Moines. Zaidi ya dola milioni 2.8 ziliingia kwenye wakfu wake. Novemba 2019 jaji wa New York alimwamuru alipe dola milioni 2 kwa mashirika ya hisani, kwa kuwa aliiachia timu ya kampeni iiendeshe harambee ile na kuamua pesa zigawanywe vipi. Pesa zenyewe ziliwafikia walengwa mwishowe. Kosa lilikuwa nani alishika mpini. Ndiyo maana barua yako iulize kuhusu wasimamizi, isiishie kwenye kiasi kilichokusanywa.

Kwanza, chunguza namba ya kulipia

Usianzie ofisini, anzia kwenye simu yako. Andika chini paybill au till iliyo kwenye kadi, na jina linalotokea unapotaka kulipa. Kama ni namba ya simu ya kawaida, huduma ya M-Pesa iitwayo Hakikisha itakuonyesha jina la mwenyewe kabla ya kuthibitisha, kisha unaweza kusitisha. Kadi ikisema ni shirika na simu ikasema ni mtu mmoja, una swali la kwanza tayari. Halafu mwombe aliyeleta kadi nambari ya usajili. Shirika halali huwa nayo kwenye barua zake, na mtu akianza kukuuliza "kwani wewe ni nani?", endelea tu na hatua zinazofuata.

Pili, jua faili iko ofisi gani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu Kenya haina daftari moja la vikundi vyote. Shirika lisilo la serikali, yaani NGO ya zamani, sasa ni PBO, shirika la manufaa kwa umma. Sheria ya PBO ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na Bodi ya NGO ikawa Mamlaka ya Kudhibiti Mashirika ya Manufaa kwa Umma. Sheria hiyo inakataza PBO kuchangisha au kufanya kampeni kwa ajili ya chama au mgombea, au kumpinga mgombea. Ukiwa na sababu ya kuhisi kuna siasa ndani yake, hiki ndicho kifungu cha kukitaja.

Chama cha wanachama, kwa mfano chama cha wazee waliotumika kikosi kimoja, huandikishwa na Msajili wa Vyama, aliye chini ya Mwanasheria Mkuu. Usimchanganye na Msajili wa Vyama vya Siasa, hao ni wawili. Kikundi cha mtaani, kama cha wajane wa wanajeshi, kiko chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, na faili yake iko kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kampuni, hata ile isiyogawa faida, iko kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, na wakurugenzi wake unawapata kwa kuagiza hati iitwayo CR12 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada, bila kuandika barua yoyote.

Usipojua ni aina gani, tuma kwa ofisi unayoidhania. Sheria inaitaka ofisi isiyo na taarifa hiyo ikuhamishie ombi kwa ofisi iliyo nayo ndani ya siku tano. Ukikwama na kompyuta, Huduma Centre ya Nakuru au ya Kisumu watakusaidia kufungua akaunti ya eCitizen. Ila barua yako usiwaachie wao, ipeleke kwa ofisi yenyewe.

Tatu, andika barua

Iandikie afisa wa upatikanaji wa habari wa ofisi hiyo. Usipomjua, mwandikie mkuu wa ofisi, kwani kisheria yeye ndiye afisa huyo mpaka amteue mwingine. Barua fupi inatosha:

"Mimi, (jina), raia wa Kenya mwenye kitambulisho nambari (…), naomba, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala za hati zifuatazo kuhusu shirika liitwalo (…), nambari ya usajili (…), linalochangisha katika Kaunti ya Nakuru kupitia paybill (…): cheti cha usajili; majina na vyeo vya viongozi walioko kwenye faili kwa sasa; ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita; na barua yoyote ya kulionya, kulisimamisha au kulifuta. Ikiwa ofisi yako haina faili ya shirika hili, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi na ombi langu lipelekwe kwa ofisi inayohusika."

Sentensi ya mwisho usiiache. Barua yenye mhuri inayosema "hatuna rekodi ya shirika hili" ina uzito kuliko maneno yote ya kikundi cha WhatsApp.

Omba hati, usiulize maswali ya umbea. Ukiandika "je, mheshimiwa fulani anakula hizi pesa?", afisa hana faili yenye jibu hilo na atakujibu hivyo kwa mstari mmoja. Usiombe nambari za vitambulisho wala simu za viongozi, maana utampa sababu ya kukunyima kwa kutaja faragha. Majina na vyeo vinatosha. Huna haja pia ya kueleza kwa nini unataka kujua. Haki yako haitegemei sababu. Na kama mzazi wako ndiye anayeomba na hajui kuandika, afisa anatakiwa amsikilize na kumwandikia.

Nne, peleka na uhesabu siku

Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala mbili na ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye yako. Karani akisema "iache tu hapo", mwambie kwa heshima kwamba utangoja mhuri. Ukituma kwa baruapepe, hifadhi uliyotuma. Tarehe hiyo ndiyo saa yako: ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea zisizozidi 14 kama taarifa ni nyingi, mradi ikuarifu. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Wengi hapa huchoka na kuacha, na kwa maoni yangu ndicho wanachongojea baadhi ya maafisa.

Usiache. Ukikataliwa, kwa barua au kwa kimya, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Ina ofisi Kisumu na Eldoret, kwa hiyo mtu wa Mumias au wa Molo hahitaji kupanda gari la Nairobi. Ambatisha nakala yenye mhuri, jibu ulilopewa kama lipo, na ukurasa mmoja unaoeleza tarehe kwa mfuatano. Tume inaweza kuiamuru ofisi itoe taarifa. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume ana siku 21 za kwenda Mahakama Kuu.

Kuisoma faili ikifika

Anza na majina. Je, mwenyekiti na mweka hazina ni watu wawili kweli, au ukoo mmoja? Je, jina lililotokea kwenye M-Pesa limo? Je, yumo wakala au dereva wa mgombea unayemjua? Kwenye hesabu, angalia pesa ngapi ziliwafikia wastaafu na wajane na ngapi zilikwenda kwa "utawala" na "uchangishaji". Florida hiyo hiyo, shirika la Allied Veterans of the World liliendesha vibanda vya kamari kwa jina la wanajeshi. Kashfa ilipolipuka Machi 2013, wapelelezi walisema ni kama asilimia mbili tu ya mapato iliyofika kwa hisani, na naibu gavana Jennifer Carroll, aliyewahi kulifanyia kazi shirika hilo kabla ya kuchaguliwa, akajiuzulu bila kushtakiwa.

Halafu linganisha miaka. Nimependekeza hesabu za miaka mitatu ili mwaka wa uchaguzi uonekane kando ya mwaka wa kawaida. Matumizi ya mahema, fulana, vipaza sauti na "uhamasishaji wa jamii" yakipanda ghafla mwaka wa kura, kisha yakazimika, uliza vilikwenda wapi. Kama mgeni wa heshima kwenye kadi ni afisa wa serikali, Rais Ruto alitangaza Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Jinsi agizo hilo linavyoheshimiwa unajionea mwenyewe kila wikendi. Na anayechangisha umma anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Mwombe akuonyeshe.

Ukiona PBO linampigia mgombea debe, andika malalamiko kwa Mamlaka na uambatishe hati. Usianzie Facebook. Kuomba hati hakumwiti mtu mwizi, lakini kumwita mwizi mtandaoni kabla ya ushahidi kunaweza kukupeleka wewe kortini.

Na kama umeshatoa na unaona umetapeliwa, chukua taarifa yako ya M-Pesa kupitia *334#, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe na upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Beba kadi yenyewe badala ya kuipiga picha tu, kwa sababu nambari ya kadi na mhuri wa nyuma mara nyingi havisomeki kwenye simu.