SOMO: Kuseti bagi ya rimoti ya 1/10 kwa udongo wa Dar, kuanzia mezani hadi mstari wa kuanzia

Wakuu, habari za wikiendi.

Kuna kitu kinajirudia kila tukikutana. Kijana analeta bagi mpya (gari dogo la mbio za vumbini, la kuendeshwa kwa rimoti), mota ya bei mbaya, betri imejaa hadi juu, na kwenye kona ya kwanza gari linazunguka na kulala chali. Jirani yake ana gari la mota ya kawaida kabisa, lakini dakika tano zikiisha ameshampita mizunguko miwili. Siri iko kwenye tairi, kwenye shokapu, na kwenye jioni moja ambayo yule jirani alikaa mezani na bisibisi. Pesa ya mota iacheni mwisho. Somo hili ni la bagi za umeme za 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), zinazosukuma nyuma tu (2WD) na zinazosukuma kote (4WD). Za 1/8 za nitro zina mambo yake, hatutazigusa leo.

HATUA YA 1: Beringi na skrubu

Kits nyingi za kuanzia (magari ya kufunga mwenyewe), hasa za kampuni ya Tamiya, zinakuja na bushi za plastiki mahali pa beringi. Kwa vumbi letu bushi hizo zinaliwa haraka, na gurudumu linaanza kucheza. Toa zote, weka beringi. Chukua venia (kipimo cha milimita) upime kwanza: Tamiya nyingi zinatumia 5x11x4 mm (tundu la ndani, upana wa nje, unene), na bagi nyingi za mashindano zina 5x10x4 na 10x15x4. Ukienda Kariakoo nenda na sampuli mkononi, usitaje jina la gari, muuzaji atakuchanganya tu. Omba zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili. Zile za kifuniko cha bati zinazunguka kwa wepesi zaidi lakini mchanga unaingia.

Gundi ya skrubu weka pale tu chuma kinapoingia kwenye chuma: skrubu za mota, na ile ndogo inayobana gia ya mota. Kwenye plastiki usiweke kabisa, inaifanya ipasuke.

HATUA YA 2: Gia

Kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa, sukuma mota hadi zibane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha utoe karatasi. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kukatika, umepatia. Ikitoka imetobolewa vipande, umebana mno. Rudia sehemu tatu tofauti za gia kubwa, kwa sababu nyingi hazijanyooka sawasawa. Gia iliyolegea utaisikia, inalia kama mashine ya kusaga.

HATUA YA 3: Shokapu

Hapa naomba mtulie, maana ndipo mbio nyingi zinapopotea. Grasshopper ya Tamiya ya mwaka 1984 ilikuwa na springi tupu bila mafuta, na aliyeiendesha anajua inavyodunda kwenye matuta. Mwaka huohuo Team Associated walitoa RC10, yenye chasisi ya alumini na shokapu za mafuta, na ndiyo njia ambayo bagi za mashindano zimeifuata hadi leo.

Shika shokapu wima, vuta fimbo hadi chini, jaza mafuta ya silikoni karibu na mdomo. Pandisha na kushusha fimbo polepole. Utaona mapovu madogo yanatoka pembeni mwa pistoni. Usiharakishe. Iache isimame wima dakika kama kumi, angalia tena, ndipo ufunge kifuniko huku mafuta kidogo yakimwagika. Sukuma fimbo ndani: ikitoa mlio wa kufyonza, kuna hewa, rudia. Zifanye mbili mbili, za mbele kwa pamoja na za nyuma kwa pamoja, halafu zishindanishe mkononi. Zikirudi kwa kasi tofauti, gari litakata kona moja vizuri na nyingine vibaya, na utalaumu servo (mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) bure.

Pa kuanzia: mafuta ya 35wt mbele na 30wt nyuma (wt ni namba ya uzito wa mafuta, ikipanda mafuta ni mazito zaidi). Lakini silikoni ikipata joto inakuwa nyepesi, na saa saba mchana ya Januari hapa kwetu si hali ya hewa aliyoiwaza aliyeandika kijitabu cha kit. Panda hatua moja, 40 mbele na 35 nyuma. Tena angalia chupa: namba za wt hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, namba ya cSt (kipimo halisi cha uzito wa mafuta) ndiyo ya kuaminika. 30wt ni kama 350 cSt.

Tafadhali msiweke mafuta ya shokapu za bodaboda. Najua ni rahisi kupata, lakini oringi za silikoni zinavimba zikikutana na mafuta yenye asili ya petroliamu, na baada ya hapo shokapu linang'ang'ania au linavuja.

HATUA YA 4: Kimo na mikao ya tairi

Weka gari likiwa na betri na kila kitu chake. Liinue kama sentimita 30, liachie lidondoke kwenye meza bapa, pima kutoka mezani hadi chini ya chasisi. Anza na milimita 22 hadi 24 mbele na nyuma. Rekebisha kwa kola za springi, kushoto na kulia sawa. Tairi zote nne ziegemee ndani kwa juu kwa digrii 1 hivi. Za nyuma zitazame ndani digrii 3, na kits nyingi zinakuja hivyo tayari. Usiguse.

HATUA YA 5: Tairi

Kama una shilingi ya kutumia, itumie hapa. Dar haina udongo mmoja. Kigamboni ni mchanga mweupe uliolegea. Ukipanda kuelekea Pugu na Kisarawe unakuta udongo mwekundu unaoshikana ukimwagiwa maji. Kwenye mchanga uliolegea unataka vipini (miiba ya mpira iliyo juu ya tairi) virefu vilivyoachana, vichimbe hadi pagumu. Kwenye udongo mwekundu ulioshindiliwa unataka vipini vifupi vingi vilivyosongamana, maana virefu vinapinda na gari linaogelea. Kwa 2WD, mbele weka tairi zenye mistari inayozunguka, ndiyo inayoshika mwelekeo.

Gusa udongo kwa kiatu kabla ya kuchagua. Ukifuta vumbi la juu na chini pakawa pagumu panapong'aa, chukua vipini vifupi na mpira laini. Kiatu kikizama, chukua virefu.

Kubandika: safisha ukingo wa tairi na wa rimu kwa spiriti, weka sponji ndani ikae sawa bila kujikunja, ingiza ukingo kwenye mfereji wake, halafu fungua ukingo kidogo kidogo kwa kidole na dondoshea gundi nyembamba ya haraka. Tone moja linakimbia lenyewe. Zunguka upande mmoja, subiri, geuza. Hakikisha kuna tundu la kupumulia kwenye rimu au kwenye tairi, la sivyo gari linadunda kila linapotua.

HATUA YA 6: Umeme na rimoti

Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Kuzima, kinyume chake. Kabla ya kuweka gari chini, liinue magurudumu yakiwa hewani, vuta triga kidogo, kisha mtu azime rimoti. Magurudumu yasiposimama, hujaseti usalama wa risiva (kipokezi cha rimoti ndani ya gari), na gari hilo halitakiwi kukaribia watoto wanaotazama. Kwenye ESC (kifaa kinachodhibiti spidi ya mota) chagua LiPo (betri ya lithiamu) na ukomo wa kukata umeme wa 3.2 V kwa seli au juu kidogo.

HATUA YA 7: Betri

LiPo ya seli mbili ina 7.4 V kwa jina na 8.4 V ikijaa. Chaji kwa 1C: betri ya mAh 5000 inapewa ampea 5, kwa waya wa balansi (ule mdogo wa kusawazisha seli), ukiwa hapohapo unaiona. Baada ya mbio irudishe kwenye 3.8 V kwa seli ndipo uihifadhi. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata nusu saa. Ikivimba, imekwisha, hakuna cha kujaribu. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu na meza ya kuchajia, na mchanga ndio kitu tulichojaliwa kuliko vyote.

HATUA YA 8: Siku ya mbio

Tembea njia yote kwa miguu. Tazama kila kona inatokea wapi, na utue wapi baada ya kuruka. Mbio za kufuzu ni dakika tano, kisha fainali kwa makundi. Ukimaliza kukimbia unabaki uwanjani kuinua magari ya kundi linalofuata, huo ni wajibu wa kila mtu, hata aliyeshika namba moja. Anayekupita kwa mzunguko mzima mpe njia: panua kona, asipite kwa kukugonga. Pasipo na kifaa cha kuhesabu mizunguko, kila gari liwe na mtu wake na daftari lake.

Na mbio za kwanza endesha asilimia themanini ya unachokiweza. Kupinduka mara moja na kusubiri kuinuliwa kunakula muda ambao hakuna mota itakayokurudishia.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kigamboni: Mkuu, 2WD yangu nikivuta triga nikitoka kwenye kona mkia unapitiliza. Nimejaribu springi tatu.

Jibu: Kaka, rudisha springi za mwanzo, anza upya. Kwanza tairi za nyuma, kama vipini vimeisha kingo na kuwa duara hakuna springi itakayokuokoa. Pili klachi ya kuteleza iliyo kwenye gia kubwa: ukiondoka kwa nguvu isikike ikiteleza kwa sentimita 30 hadi 60 kisha ishike. Tatu sogeza betri nyuma kama chasisi inaruhusu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, endesha mizunguko mitano, andika, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Kutoka Mbagala: Mota inachemka hadi siwezi kuigusa baada ya dakika nne. Ni mbovu?

Jibu: Si mbovu, umeweka gia ndogo yenye meno mengi mno. Hesabu: gawa meno ya gia kubwa kwa ya gia ndogo, zidisha kwa namba ya gia za ndani iliyoandikwa kwenye kijitabu. Mfano 78 kwa 24 ni 3.25, mara 2.6 ni 8.45. Ukishuka hadi meno 21 inakuwa 9.66. Kasi ya mwisho itapungua kidogo, lakini gari litaondoka vizuri zaidi na mota itapoa. Lenga ibaki chini ya nyuzi 70 hivi. Ukibadilisha gia, rudia ile karatasi ya hatua ya 2.

Kutoka Tabata: Habari zenu. Mwanangu ana miaka kumi, anataka gari la kuanzia. Ninunue lililokwisha fungwa au la kufunga mwenyewe?

Jibu: Salama dada, karibu sana. La kufunga mwenyewe, mkae naye. Atavunja mkono wa mbele wa gari (ule unaoshika gurudumu) wiki ya kwanza, na mtoto aliyelifunga gari anajua kulifungua. Chukua lenye mota ya brashi ya saizi ya 540 na betri ya NiMH (ya nikeli) ya 7.2 V, achana na LiPo kwa sasa. Kabla ya kulipa uliza kama mikono ya mbele na ekseli vinapatikana kama vipuri. Kama muuzaji hajui, tafuta gari lingine.

Kutoka Upanga: Vijana, nina Hornet yangu ya zamani ndani ya boksi tangu miaka ya themanini. Inaweza kukimbia tena au ni ya kuangalia tu?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Itakimbia. Tamiya waliitoa upya Hornet mwaka 2004, kwa hiyo vipuri bado vinapatikana. Toa ile swichi ya spidi ya mitambo yenye kipande kinachopata moto, weka ESC ya kisasa ya mota ya brashi, na redio ya 2.4 GHz. Betri ya zamani usiichaji. Weka NiMH ya 7.2 V, inaingia palepale. Tairi zikiwa na nyufa ziache nyumbani kama ukumbusho, nunua mpya.

Kutoka Mikocheni: Tunaweza kukimbiza ufukweni Coco Beach?

Jibu: Mnaweza, ila chumvi haisamehi beringi wala mota. Mchanga mkavu wa juu, mbali na maji. Mkimaliza pitia kwa fundi pancha akupulizie upepo gari zima, kisha toa magurudumu, futa, weka tone la mafuta mepesi kwenye kila beringi usiku huohuo. Ukilala bila kufanya hivyo, asubuhi utakuta kutu.

Kutoka Ubungo: Ndugu yangu anatoka Dubai mwezi ujao. Aniletee betri kwenye begi kubwa?

Jibu: Hapana, begi la mkononi tu. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ya 7.4 V na mAh 5000 ni Wh 37, iko chini ya kikomo cha Wh 100. Afunge ncha za waya kwa tepu, kila betri kwenye mfuko wake, na asome masharti ya shirika lake la ndege kuhusu idadi. Akiwa na nafasi mwambie aongeze chupa mbili za mafuta ya shokapu, 40wt, hizo azitie kwenye begi kubwa.